Joto Liende Wapi

Chai haipoi peke yake. Kikombe kikiachwa mezani mpaka kikapoa, kazi hiyo imefanywa na chumba kizima: meza iliyogusana na kitako chake, hewa iliyopita juu yake, ukuta wa upande wa pili uliokuwa ukipokea mionzi yake bila mtu kuiona, na ule mvuke ulioondoka usirudi tena. Chumba nacho kimepata joto. Ni dogo mno, hakuna atakayelihisi, lakini lote limefika. Halikupotea hata chembe.

Nimeanza na chai, ila ninachokiwazia ni Dar es Salaam ya mwezi wa pili. Msimu huo lawama zote hutupiwa jua. Na kweli jua huwaka. Lakini huzama kabla ya saa moja usiku, na saa nne bado watu wamekaa vibarazani vifua wazi, watoto wamelazwa sakafuni kwenye sementi, na walio ndani wanageuza mto kutafuta upande wenye afadhali. Kama shida ingekuwa jua, ingezama nalo. Mimi naona tunalalamikia mlango wa kuingilia, na kumbe uliozibwa ni wa kutokea. Mikoa ya bara hupigwa na jua kali kuliko letu na watu wake hulala na blanketi. Wenzetu wale joto lao lina pa kwenda.

Isaac Newton aliligusa jambo hili mwaka 1701, katika makala fupi ya Kilatini iliyochapishwa bila jina lake. Wakati huo alikuwa mkuu wa kiwanda cha sarafu cha serikali mjini London. Alipasha kipande kinene cha chuma mpaka kikawa chekundu, akakiweka mahali pa baridi, akapanga juu yake vipande vidogo vya metali vilivyoyeyuka, kisha akapima muda mpaka kimoja baada ya kingine kikaganda. Kanuni inayobeba jina lake inasema kwamba kasi ya kupoa hufuata tofauti iliyopo kati ya kitu na mazingira yake. Chai ya nyuzi 90 katika chumba cha nyuzi 30 imekizidi chumba kwa nyuzi 60. Ikiwa robo saa ya kwanza imeshuka mpaka nyuzi 60, robo saa ya pili haitashuka tena 30; itashuka 15 tu, na ya tatu nusu ya hapo. Mwanzo inakimbia, mwisho inasuasua.

Shuleni tuliishia hapo, tukachora mchoro wake na kuendelea na mada nyingine. Jambo moja hatukuambiwa: Newton hakukiweka chuma chake kwenye hewa iliyotulia. Alikiweka penye upepo unaovuma bila kukatika, ili hewa iliyokwisha kupata joto iondoke na nyingine ya baridi ishike nafasi yake. Bila upepo ule hesabu yake ingeyumba, kwa sababu hewa iliyosimama hupashwa, hubaki palepale, na kukizunguka kitu kama shuka. Mtu aliyezaliwa Lincolnshire, kwenye baridi yake, alijua kwamba kupoa kunahitaji mpokeaji anayebadilishwa kila mara. Sisi tuliozaliwa pwani tunajenga kana kwamba hatujui.

Tanzania ina dai lake katika elimu hii. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, na wanafunzi walikuwa na mtindo wa kutengeneza aisikrimu. Maziwa huchemshwa, hutiwa sukari, huachwa yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Siku moja nafasi kwenye friji ilikuwa inakwisha, Mpemba akayaingiza yake yangali moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake aliyeingiza yasiyochemshwa kabisa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuwatembelea. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar na kumpa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaahidi kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi. (Huyo fundi nampenda sana. Nusu ya ofisi zetu zinaendeshwa naye.)

Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969, na ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza waliandika kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha, na kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu ndani ya chombo kunaweza kuleta tofauti inayoonekana kama ajabu ya Mpemba. Mimi si mwamuzi wa kesi hiyo. Kinachonivuta ni aina ya maelezo yaliyotolewa kwa miaka yote hii. Wengine wanataja mvuke uliotoka, wengine mizunguko ya maji ndani ya chombo, wengine ile barafu laini ya sakafu ya friji, ambayo chombo cha moto huiyeyusha kikakaa moja kwa moja juu ya chuma baridi, na cha vuguvugu hubaki kimetandikiwa. Ukiyaweka pamoja unaona kwamba kitu cha moto kinaweza kubadilisha mahali kilipowekwa. Friji ni moja, lakini vyombo viwili vimeingia katika mazingira mawili.

Nasi wenyewe ni vyombo vya moto. Mtu mzima aliyekaa tu bila kufanya lolote hutoa joto la wati 100 hivi. Weka watu thelathini ndani ya daladala iliyokwama kwenye foleni na una wati 3,000, sawa na pasi tatu za umeme zilizowashwa na kuachwa. Kila abiria anatafuta pa kutolea, na jirani yake pia anatafuta. Ngozi yetu huwa na nyuzi 35 hivi, kwa hiyo hewa ya nyuzi 32 bado ni baridi kidogo kuliko sisi; tofauti ni nyuzi tatu, na kwa hesabu ya Newton tofauti ya tatu ni ile sehemu ya kusuasua. Dereva akisogea mita mia, upepo ukaingia dirishani, gari zima linashusha pumzi. Hewa iliyoingia ni ya nyuzi zilezile 32. Imefika tu, ikaiondoa ile iliyokuwa imetuganda mwilini.

Feni nayo hufanya kazi hiyohiyo. Haipozi hewa. Ikizungushwa kwenye chumba kisicho na mtu hukipasha kidogo, kwani mota yake ina joto lake. Mama yangu aliyetufokea tuzime feni tukitoka sebuleni alikuwa akihesabu uniti za umeme, lakini fizikia pia ilikuwa upande wake.

Pale tofauti ya nyuzi inapokaribia kwisha, mwili hubaki na njia moja, jasho. Njia hii ina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Gramu moja ya maji ikivukizwa kwenye ngozi huondoka na joto linalotosha kushusha zaidi ya nusu kilo ya maji kwa nyuzi moja. Mtungi wa udongo unaishi kwa siri hiyo. Maji hupenya vinyweleo vyake polepole, yakafika nje, yakavukizwa, na kila tone linaloondoka huyadai yaliyobaki ndani. Mtungi ukipakwa rangi ya mafuta ili upendeze huacha kupoza, na nimeona mitungi ya namna hiyo ikiuzwa barabarani kwa bei kubwa kuliko mitungi yenye akili.

Lakini mtungi huohuo si mtungi uleule kila mahali. Chukua Dodoma wakati wa kiangazi, mchana wenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 30 hewani. Kitambaa kilicholoweshwa na kupepewa hapo kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 18, na mtungi uliowekwa kivulini penye upepo unakwenda kuelekea huko, ingawa haufiki. Ulete Dar es Salaam mwezi wa tatu, nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70. Hapa mwisho wa safari ni nyuzi 27. Mtungi haujabadilika, wala maji, wala mwenye kuchota. Hewa ndiyo imekwisha kunywa na haitaki zaidi. Ndiyo maana jasho letu la pwani hutiririka, likadondoka, likalowesha shati. Na jasho lililodondoka halikufanya kazi yoyote. Mgeni kutoka Singida hushangaa kwamba anatoka jasho kuliko kwao na bado anaungua. Anatoka jasho jingi kwa sababu halimsaidii.

Hicho kipimo cha kitambaa kilicholowa ndicho wanasayansi wanachokitazama siku hizi wanapopima hatari ya joto. Mwaka 2010 Steven Sherwood na Matthew Huber walionyesha kwamba kikifika nyuzi 35, hata mtu mwenye afya, aliyekaa kivulini, uchi, mbele ya feni, mwenye maji tele ya kunywa, hana pa kupelekea joto lake. Mwili utapanda tu. Majaribio ya baadaye kwa vijana wenye afya yameonyesha kwamba mwili huanza kushindwa mapema zaidi, karibu na nyuzi 31. Ufuoni mwa Ghuba ya Uajemi, huko Ras al-Khaimah, kipimo hicho kimewahi kuivuka 35 kwa saa chache. Dar, Tanga na Mombasa ziko mbali na hapo. Lakini nyuzi 27 hadi 31 si mwendo mrefu kwa fundi anayemwaga zege juu ya ghorofa saa nane mchana, maana yeye hatoi wati 100. Hutoa mara tatu au nne ya hizo.

Sasa nyumba, ambako ndiko roho yangu iliko.

Bati ni jembamba. Linapopigwa na jua halina unene wa kulichelewesha, na ndani ya dakika chache upande wa chini umekuwa moto nao unawamulika walio chini yake. Chumba cha kupanga kisicho na dari hupata joto hilo moja kwa moja kichwani, na hapo kufungua dirisha kunasaidia nusu tu, kwa kuwa mionzi haipeperushwi na upepo. Kwa hiyo bati limepata jina baya. Ila ngoja liingie giza. Uwazi uleule wa tabia unaolifanya likubali joto haraka hulifanya lilitoe haraka. Usiku usio na mawingu bati hutazamana na anga, na anga ya juu ni baridi kuliko kitu chochote tunachokigusa hapa chini. Bati huipelekea anga hiyo joto lake mpaka likawa baridi kuliko hewa inayoligusa. Alfajiri za Juni na Julai mvuke wa hewa hugeuka matone chini yake, yakamdondokea aliyelala, naye akadhani paa linavuja. Juu kwenye nyanda za Kitulo, ambako hewa ni kavu na anga iko wazi zaidi, majani hufanya vivyo hivyo mpaka yakapata jalidi. Mkulima wa viazi anaamka kukuta shamba limeungua kwa baridi ya usiku ambao hewa yenyewe haikufika sifuri.

Jiwe lina tabia nyingine. Nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta zenye unene wa nusu mita hivi, vyumba vyembamba kwa kadiri ya urefu wa boriti za mikoko. Ukiingia ndani saa saba mchana unajikuta katika baridi ya jana. Joto la asubuhi limekwama ndani ya ukuta, linatembea, halijafika. Huu ndio ubora ambao watalii huupigia picha na wasanifu huuandikia vitabu. Mimi nina shaka kidogo. Joto lililokwama ndani ya ukuta halijafutwa, linakuja. Linatokea ndani usiku, saa ya kulala, wakati bati la jirani limeshasahau jua. Waliojenga nyumba hizo walilijua hilo kuliko sisi tunaozisifu. Juu ya nyumba nyingi za Lamu, kwenye paa bapa, kuna kibanda cha makuti kilicho wazi pande zote, cha kupungia upepo. Mchana jiwe, jioni makuti. Makuti hayashiki joto, yana hewa katikati ya majani yake, na hayana ukuta wa kulizuia linapotaka kwenda. Nyumba kamili ilikuwa na vyote viwili, na aliyekuwa na chini tu bila juu alitoka nje barazani, kama sisi.

Halafu tukapata tofali za sementi. Unene wake hautoshi kumfikisha mtu jioni, lakini unatosha kumharibia usiku. Tukazipaka plasta, tukazungushia ukuta wa fensi mrefu kuliko dirisha, tukaweka madirisha ya aluminiamu ya kuteleza. Dirisha la kuteleza ni jambo ninaloweza kulizungumzia mpaka jamaa wakaaga. Umekata uwazi wa futi sita ukutani, umelipia futi sita za kioo, na hata ulifungue namna gani, futi tatu zitabaki zimefungwa daima, kwa kuwa kioo kimoja hakina pa kwenda ila nyuma ya mwenzake. Madirisha ya mbao ya babu zetu yalifunguka yote. Soko la Kariakoo alilolibuni Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, lilipewa paa la miavuli mikubwa ya zege na nafasi za kupitisha hewa. Kwa hiyo hata zege si kosa. Zege inaweza kufikiri, kama aliyeichora amefikiri.

Tumeamua badala yake kununua kiyoyozi. Sikidharau, aliyewahi kumuuguza mtoto mwenye homa mwezi wa tatu hawezi kukidharau. Lakini kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto. Kwa kila uniti moja ya umeme kinayokula, cha kawaida hutoa ndani uniti tatu za joto na kumwaga nje uniti nne, zile tatu pamoja na ile moja ya umeme iliyotumika. Pita vichochoro vya nyuma ya maghorofa ya Kariakoo jioni, penye mashine zilizopangwa ukutani mpaka juu, utazipata uniti hizo zote zikikusubiri. Huko ndiko anakokaa mama wa chapati na jiko lake la mkaa, na mlinzi, na kijana wa kubeba mizigo. Joto la ofisi limepata pa kwenda, nao ndio pa kwenda. Tena hewa ya kichochoro ikipanda nyuzi mbili, mashine zilezile zinapata kazi ngumu zaidi kulisukuma joto humo, zinakula umeme zaidi, zinamwaga zaidi.

Nimewahi kumuuliza fundi kwa nini hatuachi uwazi kati ya ukuta na paa, kama nyumba za zamani, ili hewa ya moto iliyopanda itoke yenyewe. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatutembei peku. Mbu, akasema. Na wezi. Na paka wa watu. Kwa upande wa mbu alikuwa na haki kuliko alivyojua: mbu wa malaria hupenda kuingia hasa kwa uwazi huohuo wa juu, na kuuziba kumeokoa maisha ya watoto. Tulipofunga mlango wa mbu tulifunga mlango wa joto, na chandarua, ambacho hakuna mwenye akili atakayekipinga, kikapunguza na ule upepo mdogo uliobaki. Watu wanaotoka chini ya chandarua saa nane za usiku si wajinga. Wanachagua kati ya maradhi yanayoweza kuja na joto lililokwisha kufika.

Mkoani Mtwara zimejengwa nyumba 110 za majaribio zinazojaribu kuipinga hesabu hiyo. Zina ghorofa moja, vyumba vya kulala viko juu ambako mbu ni wachache na upepo ni mwingi, na sehemu kubwa ya kuta zake ni wavu badala ya tofali. Ukuta hauna uzito wa kuhifadhi mchana, na hewa inapita humo kama inavyopita kwenye kibanda cha juu ya paa la Lamu. Kwa upande wa joto sina neno la kuongeza. Nina swali tu kuhusu jirani mwenye redio, na dagaa wa kukaanga, na mazungumzo ya mume na mke saa tano usiku, maana ukuta usiozuia hewa hauna sababu ya kuzuia chochote kati ya hivyo. Na katika mtaa ninaokaa mimi, bei ya kusikilizwa na jirani huenda ikaonekana kubwa kuliko bei ya kiyoyozi.